Barabara Yetu Ilikuwa Miguu ya Mama

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Visigino vya mama mkwe wangu vilikuwa vinasugua shuka upande wa pili wa pazia. Taa nilikuwa sijaiwasha bado. Nilisimama jikoni gizani, mkono kwenye mpini wa birika, nikisikiliza. Kila siku sauti ile ilianza jua likishazama, wakati watu wengine Kwembago wanafurahi kwamba sasa wanakwenda kupumzika.

"Mama Siku," aliita. "Yameanza."

"Nakuja, Mama."

"Usikimbie ukaja kuungua. Siyo maumivu. Ni wale wadudu wangu tu, wananitembea ndani ya mfupa."

"Nakuja na chai."

Nilimimina. Majani vijiko vinne kwa kikombe kimoja, yamechemka mpaka chai imekuwa nyeusi na ukingo wa kikombe unashika rangi. Sukari sikuweka. Nataka hilo lijulikane, maana usiku ule na usiku mwingine mwingi nililishikilia kama mtu anayeshikilia mzizi kwenye mteremko: sikumwekea sukari, kwa hiyo mimi si mtu mbaya.

Nilipofunua pazia nikamkuta ameketi kitandani, miguu ikicheza yenyewe chini ya shuka. Binti yangu Sikudhani, mwenye miaka sita, ambaye hulala na bibi yake, alikuwa amejikunja ukutani akilinda mbavu zake.

"Mama, bibi ananipiga mateke."

"Siyo mimi," alisema mama mkwe. "Ni punda anataka kwenda zake."

Nikampa kidonge, kile chekundu cha madini ya chuma, na chakula chake, na kikombe. Alimeza kidonge kwa chai, akakunja uso.

"Mwanangu, hii chai mbona siku hizi unaipika kama unataka kutilia rangi nyavu?"

"Ya kukupa nguvu, Mama. Safari ndefu."

"Haya. Wewe ndiye msomi."

Akanywa yote. Alikuwa hanywi kwa kupenda, alikuwa ananywa kwa sababu nimepika mimi. Kisha nikamvalisha vile vikuku, viwili, vya mpira mweusi, vipana kama kiganja, vinavyobana chini ya magoti. Taa ndogo ya vikuku ikawaka nyekundu, ikasita, ikawa kijani. Palepale shuka ikanyamaza. Miguu yake ikatulia kama ya mtu mwingine, na huko chini kwenye banda la ushirika tukasikia mlio wa mota na kelele za wapakiaji wakisogea pembeni. Punda alikuwa amesimama.

Mama mkwe alifumba macho. "Leo nimebebeshwa nini?"

"Kabichi na viazi. Na karoti za Mama Hoza."

"Ndiyo maana nasikia mzigo umelalia kushoto. Yule mwanamke hajui kupanga mzigo tangu usichana wake." Akavuta pumzi. "Nashuka sasa."

Nikachukua daftari langu, nikaenda darasani.

*

Barabara ya magari ya Kwembago ilichukuliwa na mlima mwaka ule aliozaliwa Sikudhani. Mvua ilinyesha siku kumi na tisa, na asubuhi ya ishirini kipande chote cha kutoka kwetu kwenda Mombo kilikuwa kimelala bondeni. Walijaribu kuichonga tena mara tatu, ikaenda mara tatu. Baada ya hapo tukaletewa punda.

Ni mashine ya miguu minne, kimo cha ng'ombe, isiyo na kichwa. Wahandisi walikuwa wameipa jina refu lakini lilidumu mpaka wapakiaji walipoiona. Mwanzoni iliendeshwa na kompyuta, na kompyuta ilijua ramani yote ya milima ya Usambara, ila haikujua matope. Punda alikanyaga jiwe kwa imani kwamba jiwe ni jiwe, akaporomoka na viazi vya watu. Wakagundua kinachokosekana ni ile hofu ya mguu, ule uwezo wa nyayo kushtuka kabla kichwa hakijajua. Ndipo wakatengeneza vikuku, vya kuchota ule mshituko kutoka kwenye neva za mtu na kumpelekea punda.

Walianza na vijana wenye afya. Kijana alilala chali, akavalishwa, punda akaondoka vizuri. Baada ya nusu saa kijana alipitiwa na usingizi, miguu yake ikalala, na punda naye akakaa chini katikati ya njia kama punda wa kweli. Watu wakacheka sana.

Hawakucheka walipompata marehemu Mzee Shekalaghe, mwenye sukari, ambaye miguu yake ilikuwa haimpi usingizi kwa miaka minane. Jioni ikiingia miguu yake ilidai kutembea, ikadai mpaka alfajiri. Alivalishwa vikuku akamwendesha punda mpaka Mombo na kurudi bila kukosea hatua. Na kwa mara ya kwanza, alisema, ile kero ilipata pa kwenda.

Mzee alipofariki, Kwembago nzima ikatafuta mtu mwingine mwenye miguu ya namna ile. Akapatikana mmoja tu. Mama yake mume wangu, Bi Zuhura.

Nisiseme alilazimishwa. Alipenda. Mwanamke ambaye vidole viwili vya mguu vilikatwa, ambaye kwenda msikitini ilikuwa safari, sasa kila usiku alikuwa anashuka milima. Alinisimulia ubaridi wa kijito asubuhi kama mtu aliyetoka kuoga huko. Na hii ndiyo iliyokuwa inanishangaza: miguu yake mwenyewe ilikuwa imekufa ganzi. Siku moja alikanyaga kaa la moto jikoni, na aliyepiga kelele ni Siku.

Nisiseme pia kwamba mimi sikufaidika. Kabla ya punda, mizigo yote ilishuka kwenye vichwa vya wanawake. Alfajiri unajitwisha, saa sita uko Mombo, kurudi ni isha. Mara moja niliteleza na Siku akiwa mgongoni, ana miezi tisa. Kisiki ndicho kilichotuzuia. Kovu lipo kidevuni kwake mpaka leo. Punda alipoanza kutembea kwa miguu ya mama mkwe, mimi nilipata jioni zangu, na jioni zangu nikazipeleka kwenye darasa la watu wazima, shule ya msingi, dawati la mbele. Mtihani wa kidato cha nne ulikuwa Novemba.

*

Nesi Tumsifu alikuja mwezi wa saba, amelowa mpaka kwenye soksi, akiwa na nyumba kumi na moja mbele yake. Alimpima mama mkwe damu kwa kile kidude cha kubandika kwenye ngozi, akasoma, akasoma tena.

"Bibi, hii miguu imekuanza lini?"

"Tangu nirukwe."

"Urukwe na nani?"

"Mtu akikuruka miguu umelala, asiporudi kukuruka tena, miguu inaharibika. Mimi nilirukwa kwenye msiba mmoja. Ninamjua aliyeniruka, ila ameshafariki, siwezi kumrudisha aje aniruke tena."

Nesi alicheka mpaka akaketi. Kisha akamweleza kwa upole. Sukari ikikaa juu miaka mingi inakula neva za miguuni. Figo zikichoka, madini ya chuma nayo yanapungua mwilini, na ubongo ukikosa chuma, miguu inapopumzika jioni inaanza kudai kwenda. Si kila mwenye sukari, ila inawapata wengi kuliko watu wengine.

"Chuma chako kiko chini kabisa. Tukikipandisha, na sukari tukaishika vizuri, wiki sita hivi utaona tofauti. Huenda utalala usiku kucha."

"Nilale?" Mama mkwe alinitazama mimi, siyo nesi. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukiwa mtoto kiasi kile. "Nilale kabisa?"

Nesi aliacha vidonge mezani akaondoka mbio kuiwahi nyumba ya pili. Na jioni ileile alikuja mwenyekiti wa ushirika, Mzee Kaniki, akabisha hodi kwa kikohozi kama kawaida yake.

"Nimesikia habari njema," alisema.

"Ndiyo, Mzee. Mama atapona miguu."

"Alhamdulillahi. Sijaja kuzuia tiba, Mungu apishe mbali. Nimekuja kusema tu, mtuambie mapema, akina mama wasuke kata zao za kichwani. Mvua za vuli zinakuja na kabichi imekubali mwaka huu." Alivaa viatu vyake polepole mlangoni. "Unajua, Mama Siku, mama yako ndiye barabara yetu."

Hakuniomba kitu. Nimejaribu mara nyingi kumtupia yeye sehemu ya haya mambo, haishiki. Lile wazo nililipata peke yangu, nikiwa nimeshika kalamu.

Lilikuja darasani, siku tatu baadaye. Mwalimu Mhina alikuwa anafundisha chakula na damu. Alikuwa na tabia ya kufundisha akitafuna chaki, midomo myeupe. Akasema madini ya chuma ni kama abiria mwenye haya, akizuiwa kidogo tu mlangoni hapandi. Chungwa linamshika mkono akapanda. Chai inamzuia. Mtu akila mboga za majani kisha akanywa chai nzito papo hapo, chuma chote kinatoka kilivyoingia.

Nilinyoosha mkono. "Na vidonge je, Mwalimu?"

"Vidonge vilevile. Ameze kwa chai nzito, ni kama hakumeza."

"Swali zuri," aliongeza. "Andikeni swali la Mama Siku."

Watu ishirini na wawili wakaandika swali langu. Nami nikaandika. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshaamua, ingawa nilijidanganya kwamba bado nafikiri. Nilijiambia ni mpaka Novemba tu. Nilijiambia mama anazipenda zile safari. Nilijiambia sukari simwekei. Nikabandika birika.

*

Wiki sita zilipita. Nesi alirudi, akapima, akakunja uso.

"Anameza vidonge?"

"Anameza," nilisema.

"Kila siku?"

"Kila siku. Mimi mwenyewe nampa."

Kila neno lilikuwa kweli. Sijawahi kusema kweli tupu kiasi kile nikajisikia mchafu kiasi kile. Nesi alinishika bega. "Najua, dada. Nyumba zingine nauliza kwa kushuku, ila si kwako."

Alimwongezea dozi akasema atarudi baada ya wiki tatu. Nami nikaongeza majani.

Aliporudi hakukaa. Alizungumza amesimama, akiwa ameshika mkono wa mama mkwe.

"Bibi, chuma unapewa na hakipandi. Kimeshuka hata kuliko mwanzo. Maana yake kuna mahali kinatoka. Kuna damu inavuja tumboni, polepole, huioni. Kwa umri wako lazima nifikirie kitu kibaya."

"Kivimbe?"

"Sijasema hivyo. Alhamisi nakupeleka hospitali ya wilaya. Kuna buibui mdogo wa chuma, unammeza, anatembea utumbo mzima akitafuta. Akiona penye shaka ananyofoa nyama kidogo, inapimwa. Kwa hiyo watakulaza usingizi." Akanigeukia, akapunguza sauti, ingawa chumba kilikuwa kimoja. "Kwa figo zake zilivyo, ile dawa ya usingizi si ya kuchezea. Mpigie mumeo ajue."

Mama mkwe alisema, "Basi nitalala mwaka huu, kwa njia hii au ile." Akacheka peke yake.

Nilitakiwa kusema palepale. Mdomo niliufungua, hata nesi akanitazama akisubiri. Nikasema, "Nikuletee mwavuli, Nesi?"

Usiku ule mama mkwe aliniambia hataki kushuka na punda. "Leo mwambie Kaniki nimechoka. Nataka nikae na tumbo langu." Lakini miguu haikujua kwamba amechoka. Ilicheza, ikacheza, Siku akaamka akilia, na saa nne mama mkwe mwenyewe akaniambia, "Nivalishe tu, angalau itulie." Nikamvalisha. Mikono yangu ilikuwa na baridi, akaishika akaipulizia.

Jumatano asubuhi nilimkuta amefungua sanduku lake. Amepanga kanga juu ya kitanda, doti kwa doti, na Siku amekaa katikati yake kama muuza duka.

"Kaa hapa," aliniambia. "Hizi tatu ni za dada zake mumeo, wasije wakagombana. Hii ya msiba usiitoe. Na hii," akanipa doti mpya kabisa, bado inanukia duka, ya rangi ya machungwa, "hii ni yako. Uivae siku ya matokeo yako."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nisiseme nini? Nimekaa nawaza. Mwanangu wa kumzaa yuko Tanga anajenga ukuta wa bahari, simlaumu, lakini nani amenipa dawa? Nani amenipikia chai kila jioni, hata mimi siitaki? Watu huwasema wakaza wana. Mimi wangu nitamsemea mema mbele ya Mungu."

Nilichukua ile kanga. Hilo ndilo siwezi kulisahau. Nilinyoosha mikono miwili, kwa adabu, nikapokea, nikasema ahsante, Mama.

*

Nesi Tumsifu alikuja Alhamisi saa moja asubuhi na vijana wanne wa machela. Mzee Kaniki alikuwepo pia, amevaa koti, amekuja kuaga. Mama mkwe alikuwa ameshavaa baibui, ameketi kwenye kigoda mlangoni, kibegi mapajani.

"Nesi," nilisema. "Usimpeleke."

"Dada, tumeshazungumza."

"Damu haivuji popote. Ni chai."

Alinitazama kama mtu ambaye hajasikia vizuri. Nikaendelea, maana ningenyamaza pale nisingeweza kuanza tena. Nikasema majani vijiko vinne. Nikasema baadaye sita. Nikasema kila jioni, pamoja na kidonge, makusudi, tangu mwezi wa saba, kwa sababu nilifundishwa darasani kwamba chai inazuia chuma, na sikutaka miguu yake ipone kabla ya Novemba.

Kijana mmoja wa machela akashusha upande wake chini. Mzee Kaniki aliangalia viatu vyake.

Nesi ndiye aliyeanza. "Mimi kila mgonjwa namwambia habari ya chai. Kila mgonjwa. Siku ile nilikuwa nimelowa nikasahau. Usiku mzima wa jana nimekaa nawaza kansa." Akafuta uso kwa mkono. "Ungejua jana nimewaza nini."

Mama mkwe alikuwa hajaniangalia. Alikuwa anaangalia kibegi chake.

"Kwa hiyo tumboni sina kitu?" aliuliza.

"Huenda huna, Bibi," alisema nesi. "Tutaanza upya vidonge, kwa chungwa, tupime tena. Naamini huna."

"Sina kitu." Alilirudia kama anaonja chakula. Kisha akanigeukia. "Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilijua, Mama."

"Nilipokuwa nagawa kanga ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Ulinyamaza kwa sababu ya shule."

"Ndiyo."

"Ile shule ambayo mwanangu aliikataa, nikampigia simu mimi. Nikamwambia mwache mwenzako asome, mimi nitakaa na mtoto."

Nilipiga magoti. Hakuninyanyua, na wala hakunisukuma. Alikaa vilevile na mikono juu ya kibegi, na mimi nikawa natazama miguu yake, ile yenye vidole vinane, imetulia kwenye ndala zake mchana kweupe kana kwamba haihusiki.

"Mzee Kaniki," alisema mwisho. "Vile vikuku viko msumarini. Ondoka navyo."

"Bi Zuhura, tusifanye haraka, mwaka wa kabichi huu. Labda usiku mmoja mmoja..."

"Mzee. Mimi sasa najua kumbe ningekuwa nalala."

Mzee akaingia ndani akavichukua. Mama mkwe akaomba maji. Nilikimbia kuyaleta, na alipoona ni mimi niliyeshika kikombe akasema, "Siku, mletee bibi yako maji."

*

Punda sasa amekaa bandani na kuku wanalala juu yake. Mahali pa kushoto ambapo karoti za Mama Hoza zilikuwa zinalalia pana mayai.

Ndani ya nyumba hatugombani. Ningependa tugombane. Mama mkwe anakula ninachopika, anasema ahsante. Vidonge anajipa mwenyewe, kwa chungwa analomenya mwenyewe. Jioni anafunga mlango wa chumba, ule tulioutundika badala ya pazia, na mimi ninabaki jikoni na daftari. Baba Siku nilimwambia kwa simu mwenyewe, sikutaka asikie kwa mtu. Aliniuliza kama mama yake anakula. Kanga niliirudisha sandukuni usiku. Asubuhi niliikuta juu ya kitanda changu, imekunjwa, bila neno lolote, na mpaka leo sijui ni msamaha au ni adhabu.

Darasani siendi isipokuwa Jumapili, Mwalimu Mhina anaponipa masomo ya wiki nzima kwa pamoja. Siku nyingine zote ninabeba mzigo. Nimeandika kanuni kwenye mkono wa gauni kwa kalamu, nazipitia njiani midomo ikicheza, na wenzangu wanadhani ninasali. Novemba nitafanya huo mtihani. Sijui kama nina haki ya kuutaka, ila bado nautaka.

Jumanne moja tulikuwa wanawake kumi na moja kwenye njia ya Mombo. Matope yalifika kwenye vifundo vya miguu. Siku alitangulia, na furushi lake dogo la vitunguu kichwani, ambalo alililia mpaka nikamfungia.

"Wasomi wapite mbele," alisema Mama Hoza nyuma yangu. "Wakatusomee haya matope."

Wengine wakacheka. Anayo haki. Magoti yake ni mabaya kuliko yangu na tenga lake limelalia kushoto vilevile.

Tulifika kwenye yale mawe bapa ambapo watu hutua mizigo. Tukasaidiana kutua, hata mimi walinisaidia, maana tenga halitui lenyewe hata kama ni la mtu mnayemchukia. Tukakaa. Mvuke ulikuwa unatutoka mabegani. Mama Hoza akajipapasa shingo, akanitazama.

"Haya, na huyo malkia wetu? Maana shingo zetu zinakatika hapa, angalau tujue. Hiyo miguu imenyamaza, au tunabeba bure?"

Nyuso zote zikanigeukia. Ninaondoka alfajiri mlango wake umefungwa, ninarudi usiku umefungwa. Wiki ya tano ya vidonge kwa chungwa ilikuwa inakwisha, na nilikuwa siulizi, kwa sababu sikujiona mtu wa kuuliza. Niliinamisha kichwa, nikaanza kuchokonoa matope kwenye kidole cha mguu, nikatamani tu tujitwike tuendelee.

Siku, ambaye bado hulala na bibi yake, alikuwa amesimama juu ya jiwe, furushi lake bado kichwani, mikono imeachiwa kwa maringo ya mtu anayejua kubeba.

"Bibi jana alilala mpaka asubuhi," alisema.